Udongo uwahi ungali maji: tiba kazi na watoto wetu

Kila nirudipo Mombasa likizoni, maswali huwa ni yale yale. La kwanza, nimeleta miraa? La pili hutoka kwa mashangazi na mama zangu wadogo: "Wewe huko Meru ni daktari, ni nesi, ama ni nani hasa?" Nikiwajibu kwamba nafanya tiba kazi kwa watoto, la tatu huja lenyewe: "Mtoto mdogo ana kazi gani hata atibiwe?"

Swali hilo la tatu ni zuri kuliko wanavyodhani, na leo nataka kulijibu kwa urefu. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni. Nimesomea fani hii, na kwa miaka kadhaa sasa nahudumia watoto katika kaunti za Meru na Embu, wengine katika vyumba vya kliniki, wengine shuleni, na wengi majumbani kwao. Ninayoyaona huko yanatuhusu sana sisi wapwani, kwa sababu watoto ni wale wale na kuchelewa kwetu ni kule kule.

Kazi ya mtoto

Kazi ya mtu mzima twaijua: uvuvi, duka, ofisi, shamba. Kazi ya mtoto ni kula, kuoga, kuvaa nguo, kwenda msalani, kucheza na wenziwe, kushika kalamu, kukaa darasani na chuoni akasikiliza. Hayo ndiyo yanayoijaza siku yake tangu anapoamka hadi anapolala, na ndiyo yanayomjenga kuwa mtu mzima. Mtoto akishindwa moja kati ya hayo, kwa sababu ya ulemavu, ugonjwa au kuchelewa kukua, tiba kazi huingia hapo.

Watu wengi huchanganya tiba kazi na fiziotherapia. Zote mbili ni muhimu, na mara nyingi mtoto mmoja huzihitaji zote. Fiziotherapia hushughulika zaidi na mwili wenyewe: nguvu za misuli, wepesi wa viungo, kukaa, kusimama, kutembea. Tiba kazi huuliza: mwili huu na akili hii vitafanya nini leo? Je, mtoto ataweza kushika kijiko? Atafunga vifungo vya shati? Atavumilia kelele za darasa la watoto 60? Ikiwa mkono hauwezi kabisa, twatafuta njia nyingine: kijiko chenye mpini mnene, kiti kinachomshika, au namna mpya ya kuifanya kazi ile ile.

Fani hii ina umri mkubwa. Chama cha kwanza cha wataalamu wake kiliundwa Marekani mwezi wa Machi 1917, na Vita Vikuu vya Kwanza viliipa nguvu, kwani askari walikuwa wakirudi nyumbani na majeraha yaliyowalazimu kujifunza upya mambo ya kila siku. Kenya ilianza kufundisha wataalamu wake mwaka 1968, katika chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu ambacho wengi twakijua kwa herufi zake, KMTC. Hospitalini huenda ukasikia idara yetu ikiitwa "OT". Usidhani ni chumba cha upasuaji!

Watoto ni wa aina gani

Wengi ninaowaona wana mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Uchungu wa uzazi ukichukua muda mrefu na mtoto akachelewa kulia, ubongo huweza kukosa hewa. Homa ya manjano ya watoto wachanga, ile inayofanya macho na ngozi kuwa rangi ya bizari, ikizidi bila kutibiwa huweza kuuharibu ubongo. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo huacha alama zake kwa waliopona. Wengine wana usonji, wengine wamezaliwa na hali iitwayo Down, na wapo wasio na jina lolote la ugonjwa ila wamechelewa tu, ama mikono yao haiendi na umri wao.

Sensa ya 2019 iliuliza kuhusu ulemavu kwa watu wa miaka 5 na kuendelea. Kwa nchi nzima waliohesabiwa kuwa na ulemavu walikuwa asilimia 2.2. Kaunti ya Embu ilikuwa ya kwanza Kenya kwa asilimia 4.4. Nimesikia watu wakisema basi Embu ina balaa. Mimi nasita kusema hivyo. Namba hupanda pia pale watu wanapokubali kumtaja mtoto wao mbele ya karani, na hushuka pale mtoto anapofungiwa chumba cha nyuma hadi mgeni aondoke. Kuna jambo jingine ndani ya namba hiyo: watoto wa chini ya miaka 5 hawakuhesabiwa humo, na hao ndio tunaowahitaji mapema zaidi kuliko wote.

Kula: hapa pana uhai na mauti

Nikiulizwa sehemu gani ya kazi yangu ina uzito kuliko zote, sitataja kalamu wala vifungo. Nitasema ni kula.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi hana nguvu za kutosha shingoni na mdomoni, au misuli yake hukaza bila yeye kutaka. Mama, kwa mapenzi yake yote, humlaza chali mapajani, kichwa kikaning'inia nyuma, akamtilia uji mwepesi kinywani kidogo kidogo. Njia hii nimeiona Igembe na nimeiona Mbeere, na nilipokuwa mdogo niliiona kwetu Kisauni. Shida yake ni kwamba kichwa kikielekea nyuma, njia ya pumzi hubaki wazi, na uji unaweza kuteremka mapafuni badala ya tumboni. Mtoto hukohoa, macho hulengalenga machozi, sauti yake huwa na maji maji baada ya kula. Baadaye huja nimonia, ikapona, ikarudi tena. Mwili nao hukonda, kwa sababu kila mlo ni vita.

Kinachofanywa hapo hakihitaji mashine. Mtoto huketishwa wima, nyonga zimekunjwa, miguu imekanyaga kitu, kichwa kimeinama kidogo mbele na kidevu kimeshuka. Mlishaji hukaa mbele yake, macho kwa macho, na kijiko huja kutoka mbele na chini, si kutoka juu. Chakula hufanywa kizito kidogo, kwa sababu maji na uji mwepesi hukimbia kwa kasi ambayo kinywa dhaifu hakiiwezi. Tonge ni dogo, na la pili haliji mpaka la kwanza limeze. Baada ya kula mtoto hakai chini ya nusu saa kabla ya kulazwa.

Kuna bibi mmoja wa upande wa Mbeere aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa amelazwa kwa nimonia mara nyingi hata bibi akawa anajulikana wodini. Tulimfanyia kiti cha pembeni, chenye kuta mbili za kuegemea na kijimeza mbele, kwa maboksi na makaratasi yaliyogandishwa kwa uji wa unga tabaka juu ya tabaka mpaka yakawa magumu kama mbao. Ufundi huu ulikuzwa Zimbabwe na mwalimu aitwaye Bevill Packer, na umesambaa nchi nyingi kwa sababu vifaa vyake hupatikana jalalani. Bibi alijifunza kumlisha akiwa wima, na saa ya mlo ikafupika. Sikuwaahidi kwamba mtoto atatembea, na mpaka leo hatembei. Lakini anakula na jamaa zake, ameketi, anawaona usoni. Kwa wasiojua hilo ni dogo. Kwa bibi yule ni mtoto aliyebaki hai.

Kuvaa: anza na mwisho

Meru ina baridi, na sweta ni vita vya kila asubuhi. Mama ana haraka, gari la shule linapiga honi, basi humvalisha mtoto mwenyewe kuanzia kichwa hadi viatu. Mwaka hupita, wa pili hupita, mtoto ana miaka saba na bado anasimama kama sanamu kungoja kuvishwa.

Njia tunayofundisha ni kuigawa kazi vipande na kumwachia mtoto kipande cha mwisho. Mvalishe sweta, mikono yote miwili imeingia, kichwa kimetokeza. Aivute chini yeye mwenyewe. Akimaliza, amevaa! Ushindi ni wake. Wiki ijayo mwachie mkono mmoja na kuvuta chini. Ijayo tena, mikono miwili. Mtoto anayeachiwa mwanzo wa kazi ngumu hukata tamaa njiani, ila anayeachiwa mwisho hupata raha ya kumaliza kila siku, na hiyo raha ndiyo inayomrudisha kesho.

Kwa mtoto ambaye upande mmoja wa mwili ni dhaifu, kuna kanuni moja ambayo kila mama hushangaa hakuambiwa zamani: wakati wa kuvaa, mkono dhaifu huingia kwanza, wakati wa kuvua, hutoka mwisho. Iwe ni sweta la Meru au kanzu ya Ijumaa, kanuni ni ile ile.

Nigusie na mkono wa kulia, maana najua nitaulizwa. Kwetu kula kwa kulia ni adabu na ni dini, na mtoto hufundishwa hivyo. Lakini kwa kawaida mtoto mchanga hutumia mikono yote miwili bila kuchagua. Ukiona mtoto hajatimiza mwaka na tayari anatumia mkono mmoja tu, wa pili ameukunja ngumi au ameuacha, mpeleke akaonwe, hata kama mkono anaoutumia ni wa kulia na wewe umefurahi. Pengine ule mwingine una udhaifu. Na kama udhaifu uko kwenye wa kulia, kumpiga kofi kila ashikapo tonge kwa kushoto ni kumwadhibu kwa maradhi yake.

Kalamu, dawati na fimbo

Shule ndiyo inayoleta watoto wengi wa umri wa miaka mitano hadi minane. Barua ya mwalimu husema: "Hataki kuandika. Ni mvivu." Mara nyingi mtoto ameshaonja fimbo kabla ya kufika kwangu, ingawa sheria za Kenya zimeikataza fimbo shuleni.

Kuandika huanza mbali na vidole. Mtoto asiyeweza kuukaza mgongo wake atalalia dawati. Anayekaa kwenye benchi refu, miguu ikining'inia, hana pa kujishikiza, na mkono unaotakiwa kuandika unatumika kumzuia asianguke. Shule moja tulianza kwa kuweka kreti ya soda iliyopinduliwa chini ya miguu ya mtoto. Hatukununua kitu. Mwandiko haukuwa mzuri siku ile, lakini mtoto alikaa nusu saa bila kuinuka, jambo ambalo mwalimu hakuwahi kuliona.

Kisha bega, kisha kiwiko, kisha kifundo, na mwisho vidole vitatu vya kushika kalamu. Kwa vidole hivyo twatumia vipande vifupi vya chaki au krayoni, kwa sababu kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi. Humlazimu mtoto kutumia ncha za vidole. Twamwandikisha pia ukutani au ubaoni akiwa amesimama, jambo linaloimarisha bega. Na kabla ya herufi, maumbo: watoto wengi huweza kuiga duara wakiwa na miaka mitatu, msalaba karibu na minne, mraba kati ya minne na mitano, na pembetatu karibu na mitano. Kumlazimisha mtoto wa miaka mitatu na nusu aandike jina lake ndani ya mistari ni kumtaka mtoto wa kutambaa akimbie. Ajabu ni kwamba shule za nasari za kulipia, Meru na Mombasa pia, hushindana kwa jambo hilo, na wazazi twazisifu.

Mtoto asiyevumilia kelele

Kuna watoto ambao mwili wao hupokea sauti, mguso na mwanga kwa namna tofauti na sisi. Mtaalamu wa Marekani, Jean Ayres, alijishughulisha sana na jambo hili kuanzia miaka ya 1960. Mtoto huziba masikio matatu ya Embu yanapopiga muziki stendi. Hulia akikatwa kucha, huvua sweta kwa sababu ya kitambulisho kilichoshonwa shingoni, hukataa chakula chochote chenye chembechembe. Kwetu Pwani utamkuta hataki kukanyaga mchanga wa ufuo, au anakimbia spika za harusi. Wengine ni kinyume: hutafuta kugongwa, kuzungushwa, kuruka mchana kutwa. Watoto wengi wenye usonji wana mambo haya, lakini si wote walio nayo wana usonji.

Kumkemea hakusaidii. Husaidia kumwambia kabla: "Sasa tunaingia sokoni, kuna kelele, tutakaa kidogo kisha tutatoka." Husaidia kumkumbatia kwa nguvu ya kiasi au kumfunika kwa leso iliyokazwa, ikiwa mwenyewe hupenda. Husaidia kukata kile kitambulisho cha nguo. Na kwa mtoto asiyetulia, husaidia kumpa kazi nzito ya mwili kabla ya kumkalisha: abebe ndoo ndogo ya maji, asukume meza, apange viti. Ustadhi wa chuo anayemtuma mtoto wa aina hii akachote maji kabla ya kuanza kusoma amefanya tiba bila kujua.

Tiba kubwa iko nyumbani

Sasa nifike kwenye neno ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mtoto akija kliniki mara moja kwa mwezi, nakaa naye nusu saa, labda saa moja. Saa zilizobaki za mwezi mzima ziko mikononi mwa mama, baba, bibi, dada na mwalimu. Hakuna mtaalamu wa kushindana na saa hizo. Mtoto anayekaa wima milo mitatu kila siku hupata mazoezi 90 kwa mwezi. Anayefanyiwa mazoezi na mimi peke yangu hupata moja.

Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kumfundisha mzazi, na kuyaweka mazoezi ndani ya mambo ambayo tayari anayafanya. Mama wa Embu anachambua maharagwe jioni: mtoto akae karibu, atoe mawe kwa kidole gumba na cha shahada. Nyanya wa Meru anapukuchua mahindi: mtoto apate gunzi lake. Hata ufungaji wa miraa kwa majani ya mgomba, nikiuangalia, ni mafunzo ya mikono miwili kufanya kazi kwa pamoja, ingawa mmea wenyewe nisingependa mtoto auguse.

Wapwani tuna hazina kubwa zaidi. Kukanda unga wa chapati au mahamri hujenga mikono na mabega. Kuambua mbaazi, kuchagua mchele, kumenya vitunguu saumu ni kazi za ncha za vidole. Kusuka ukili ni darasa kamili: mikono miwili, macho, mpangilio na subira. Mdako na bao hufundisha kuhesabu, kungoja zamu, na kukubali kushindwa. Kuchora kwenye mchanga wa ufuo kwa kidole hakuna gharama wala ufutio. Zamani mtoto aliyapata haya yote bila mtu kuyaita tiba. Leo tumempa simu, ametulia, nasi tumeshukuru. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Simu si mwiko, lakini kidole kinachoteleza juu ya kioo hakijifunzi kushika, kuminya wala kufungua.

Dalili za kutazama

Kila mama wa Kenya anayehudhuria kliniki hupewa kitabu cha mama na mtoto. Wengi hukifungua kwa ajili ya chanjo na uzito tu, ilhali mna ukurasa wa hatua za ukuaji. Haya machache yashike:

- Mtoto wa miezi minne ambaye shingo bado haijakaza.
- Wa miezi tisa asiyeweza kukaa bila kushikiliwa.
- Wa mwaka mmoja asiyeokota kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, asiyegeuka akiitwa jina, au anayetumia mkono mmoja tu.
- Wa miezi 18 asiyetembea.
- Wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, kama "mama njoo".
- Wa umri wowote anayekohoa au kupaliwa kila akila, au aliyepoteza jambo alilokuwa ameshaliweza.

Dalili moja haina maana kwamba mtoto ana ulemavu. Maana yake ni kwamba aonwe wiki hii, asingoje mwaka ujao.

"Atakua tu" na "ametupiwa"

Maneno mawili yamewapotezea watoto wetu muda mwingi. La kwanza ni "atakua tu, hata babake alichelewa". Wapo wanaochelewa na wakafika, kweli. Lakini huwezi kumjua wa aina hiyo kwa macho ya sebuleni, na ikiwa siye, miaka yenye thamani kuliko yote imepita, kwani ubongo hujijenga kwa kasi kubwa kabisa katika miaka ya mwanzo.

La pili ni "ametupiwa". Watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa kuhusu usonji, wakachapisha mwaka 2015, walielezwa sababu za namna mbili kwa pamoja: pepo, uchawi na laana kwa upande mmoja, matatizo ya uzazi, maradhi na kurithi kwa upande mwingine. Wazazi walikuwa wakienda kwa waganga, wakiomba Mungu, na wakienda hospitali. Nami siwacheki, na msidhani bara ni tofauti. Meru na Embu nimekutana na mama walioambiwa kuwa mtoto ni adhabu, na baba walioondoka kwa sababu hiyo. Ombi langu ni dogo: dua isingojeshe kliniki. Anayetaka kusoma dua na asome, na asubuhi ampeleke mtoto akaonwe. Mama asibebeshwe lawama. Usonji hauletwi na malezi yake wala na chanjo.

Mwende wapi

Huku, hospitali kubwa za rufaa za Meru na Embu zina idara za tiba kazi, na kwa anayetoka Maua au Mbeere safari yenyewe ni mtihani: bodaboda, matatu, mtoto mgongoni, na siku ya kibarua imepotea. Wengi huacha baada ya mara ya pili, na mimi siwalaumu. Ndiyo maana ni muhimu mzazi atoke kliniki na zoezi moja analoliweza, si karatasi ya mazoezi kumi. Kwa Pwani, anzieni hospitali kuu ya rufaa ya Mombasa au hospitali ya kaunti yenu, mwulize idara ya tiba kazi kwa jina lake. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, kilichoanzishwa 1958 na ambacho wengi mwakijua kwa karakana zake za Bombolulu, nacho ni mlango mwingine.

Mtoto akikaribia umri wa shule, kuna vituo vya serikali vya kutathmini watoto, vilivyoanza 1984, ambavyo hushauri shule inayomfaa. Mwandikisheni pia kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwa wenye ulemavu mkubwa upo mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia zinazoingizwa. Ni kidogo, lakini ni nauli.

Na anayekuja nyumbani kwenu kwa malipo, mwulizeni leseni. Tangu 2017 ipo sheria ya kusajili wataalamu wa tiba kazi, na aliye halali hatakasirika akiulizwa. Anayewaahidi kwamba mtoto atapona kabisa kwa wiki sita mkimlipa kwanza, mwagane naye mlangoni. Sisi hatuahidi kupona. Twaahidi kwamba kesho mtoto atafanya jambo moja ambalo leo hafanyi, kisha jingine.

Wazee wetu walisema udongo uwahi ungali maji. Sisemi kwamba ukikauka basi, kwani nimewaona vijana wa miaka 14 wakijifunza kujilisha kwa mara ya kwanza. Lakini waliokuja wakiwa na miezi minane walifika mbali zaidi, kwa jasho dogo zaidi la mama zao. Leo usiku, kabla ya kulala, kifungueni kile kitabu cha kliniki kwenye ukurasa wa ukuaji, mkamtazame mtoto wenu kwa utulivu. Kama jambo moja haliendi, msimfiche na msingoje Idi wala Januari.